Kufungwa si Kuzuiliwa: Usomaji wa Haki za Mtu katika Sauti ya Dhiki, Haini na Kigogo

Twaa rundo lolote la insha za Kidato cha Nne zilizojibu swali la haki katika tamthilia au riwaya, uzipitie kwa haraka. Utakuta hoja moja imeandikwa kwa namna arubaini: kuna ukiukaji wa haki za binadamu, kwa sababu mhusika fulani anafungwa. Kisha mtahiniwa anarukia hoja inayofuata. Ukimwuliza mhusika huyo amefungwa na nani, kwa sheria ipi, alifikishwa mbele ya nani na aliambiwa nini siku aliyokamatwa, hana jibu. Mara nyingi mwalimu wake naye hana, kwa kuwa mwongozo aliousoma haukulijibu. Alama hutolewa na mambo yakaishia hapo.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba neno hili 'kufungwa' linafunika mambo ambayo hayafanani hata kidogo. Mtu anaweza kushtakiwa, akahukumiwa na kutumikia kifungo. Anaweza pia kuzuiliwa tu, pasi na shtaka wala hakimu, hadi aliyemzuia atakapochoka. Isitoshe, anaweza kukamatwa si kwa kosa lake, bali ili mtu mwingine ashurutishwe. Watunzi wetu wanazijua tofauti hizi vizuri na wamezijengea kazi zao juu yake. Anayezichanganya amesoma kichwa cha maudhui tu, utungo wenyewe hajausoma.

Aliyehukumiwa kwa sheria

Hebu tuanze na Sauti ya Dhiki, diwani ya Abdilatif Abdalla iliyochapishwa na Oxford University Press mwaka 1973. Nimeona katika maandishi ya wanafunzi, na hata katika vijitabu vya marudio, kauli kwamba mshairi huyu wa Mombasa alitupwa ndani bila kufikishwa mahakamani. Sivyo ilivyokuwa. Abdilatif alikuwa kijana wa miaka 22, mfuasi wa chama cha upinzani cha KPU, alipoandika na kusambaza waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? mnamo Novemba 1968. Mwaka huo huo karatasi za uteuzi za wagombea wa KPU zilikuwa zimekataliwa kwa wingi katika uchaguzi wa mabaraza. Alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa, akatumikia miaka mitatu tangu 1969 hadi 1972, katika magereza ya Kamiti na Shimo la Tewa, sehemu kubwa ya muda huo akiwa peke yake chumbani. Humo ndimo yalimotungwa mashairi haya, kwa siri, mengine yakiandikwa juu ya karatasi za chooni.

Zingatia basi, mtahiniwa, kwamba palikuwapo mahakama. Palikuwapo kitabu cha sheria, na kosa lenyewe lilikuwa limeandikwa ndani yake. Nilipolieleza darasa langu hapa Taru jambo hili, mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo swali zuri kuliko yote yanayoweza kuulizwa kuhusu diwani hii: ikiwa alihukumiwa kwa sheria, malalamiko ni ya nini?

Jibu liko katika Katiba ya uhuru ya 1963. Katiba ile ilikuwa na sura nzima ya kulinda haki na uhuru wa mtu. Ilisema mtu asinyimwe uhuru wake ovyo. Ilitambua uhuru wa kutoa maoni na wa kukutana. Lakini karibu kila haki ilifuatwa na mkia mrefu ulioanza kwa 'isipokuwa': isipokuwa kwa ajili ya ulinzi, isipokuwa kwa ajili ya usalama, isipokuwa kwa ajili ya utulivu wa umma. Sheria ya uchochezi, ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imeitumia dhidi ya wapigania uhuru, ilipata hifadhi chini ya mkia huo. Hivyo hakuna aliyehitaji kuichana Katiba ili kumfunga kijana yule. Katiba ilikuwa kwenye rafu yake, nzima kabisa, naye yuko Kamiti.

Hili likieleweka, usomaji wa mashairi yenyewe hubadilika. Wengi wetu hufundisha diwani hii kama kilio, tukivutwa na neno 'dhiki' katika jina lake. Mimi naona kilio ni kidogo sana humu. Shairi 'Kuno Kunena' halimwombi mtu msamaha. Linahoji kwa nini kusema kumlete msemaji mahali kama pale, ilhali alichokisema anakiona ni kweli. 'N'shishiyelo ni Lilo' linatangaza msimamo tangu katika jina: nililolishika ni lile lile. Huu ni usemi wa mshtakiwa anayepewa nafasi ya kujitetea baada ya hukumu kutolewa, na hadhira yake si hakimu tena bali ni sisi. Ndiyo maana hoja zake zimepangwa kwa utaratibu, swali baada ya swali. Mfungwa anayelia hana haja ya kupanga hoja.

Kuhusu 'Mamba', shairi linalomwonya mwenye nguvu asijidanganye kwamba nguvu zake hazina mwisho, watahiniwa huandika kwamba mshairi anafumba kwa sababu ya woga. Woga gani tena kwa mtu ambaye amekwisha kufungwa? Fumbo ni desturi ya zamani ya ushairi wa Mombasa. Muyaka bin Haji katika karne ya 19 alizungumza mambo ya utawala na vita kwa mafumbo, na wasikilizaji wake walielewa vyema nani anayesemwa. Abdilatif anakichukua chombo kilichokuwa nyumbani kwao tayari. Pia anafahamu kwamba karatasi yake ikinaswa, askari atakuwa amenasa shairi la mnyama wa mtoni.

Kinaya kimoja hakipaswi kupita bila kutajwa. Diwani hii ya mfungwa wa serikali ilipata tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, tuzo yenye jina la kiongozi yule yule ambaye utawala wake ulimfunga mtunzi. Mshairi wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Dar es Salaam.

Mashairi yanayosikiliza pande mbili

Kuna upande mwingine wa diwani hii ambao wahakiki hupita mbio. Katika 'Mnazi: Vuta N'kuvute' mshairi anawaweka Alii na Badi wakivutana kuhusu mnazi mmoja. Katika 'Usiniuwe' mama mja mzito na mtoto aliye tumboni wanajibizana. Sisi waalimu hukimbilia kusema kwamba hayo ni matumizi ya 'mbinu ya majibizano' na kuwapa wanafunzi mfano wa ngonjera. Ni sawa, lakini tuulize mbinu hiyo inafanya kazi gani katika kitabu kilichoandikwa na mtu aliyenyamazishwa.

Inafanya kazi ya mahakama. Kila upande unapewa ubeti wake. Anayepinga anapewa nafasi ya kujibu kabla msomaji hajaamua. Hata Alii na Badi, ambao wengi wamewasoma kama waliomo madarakani na waliotengwa nje, hawakupewa mmoja maneno matamu na mwingine maneno ya kipumbavu. Mshairi angeweza kuandika hotuba ya upande mmoja, tena tungemsamehe kutokana na hali aliyokuwa nayo. Badala yake akaandika kikao. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya shauri lake kusikizwa na kuamuliwa kwa usawa na hadharani mbele ya mahakama au chombo huru kisichopendelea. Ukisoma kifungu hicho kisha ukarudi kwenye 'Mnazi', utaona kwamba umbo la shairi ni hoja katika suala la haki. Hapa fani na maudhui haviwezi kuwekwa katika mafungu mawili ya notisi kama tulivyozoea.

Naongeza jambo moja kuhusu lugha. Wanafunzi wangu wengi huzungumza Chiduruma nyumbani, na Kimvita cha diwani hii kinawatatiza mwanzoni kama kinavyomtatiza mtoto wa Kitui. Usiwaambie kwamba ni Kiswahili kigumu. Waambie ni Kiswahili cha kwao huko chini pwani, kisha soma kwa sauti.

Kizuizini: chumba kisicho na tarehe

Hali ya pili ni ya mtu anayezuiliwa pasi na shtaka. Nchini Kenya mlango huu ulipanuliwa mwaka 1966, Katiba ilipofanyiwa marekebisho na serikali ikapata uwezo mpana wa kuwaweka watu kizuizini kwa jina la usalama wa umma. Alamin Mazrui, mwandishi wa Kilio cha Haki ya 1981, tamthilia ambamo Lanina anawaongoza wafanyakazi wenzake kudai haki shambani, alizuiliwa kwa njia hiyo mwaka 1982. Mashairi yake ya kizuizini yalitoka mwaka 1988 kwa jina Chembe cha Moyo. Mwanafunzi akiyasoma sambamba na Sauti ya Dhiki atafute tofauti moja. Abdilatif anajua siku atakayotoka, kwa hivyo anaweza kubishana na muda. Aliye kizuizini hana tarehe. Amri inaweza kufutwa kesho, inaweza kudumu miaka. Huwezi kupinga hukumu ambayo haikutolewa.

Adam Shafi katika Haini, riwaya iliyochapishwa mwaka 2003, ametuingiza ndani zaidi ya chumba hicho. Msingi wake wa kihistoria unajulikana: Aprili 7, 1972, Rais wa Zanzibar Sheikh Abeid Amani Karume aliuawa, na watu wengi wakakamatwa. Hamza anatupwa kwenye seli, anahojiwa, anateswa ili akiri njama. Ukisoma riwaya hii, angalia jinsi mtunzi anavyoushughulikia wakati. Fikra za Hamza zinarudi nyuma, zinakwenda nje, zinarejea seli. Vijitabu vinasema 'mbinu rejeshi' na kuendelea na safari. Kwa maoni yangu, mbinu rejeshi hapa inatokana na kunyimwa haki. Mtu asiyejua ameshtakiwa nini hulazimika kuyapekua maisha yake yote mwenyewe akitafuta kosa. Kila rafiki aliyewahi kukutana naye anageuka kuwa ushahidi. Angalikuwa amesomewa shtaka, fikra zingekuwa na mahali pa kutua.

Katika historia yenyewe, kesi ya uhaini iliendeshwa Zanzibar mwaka 1973 na 1974 bila washtakiwa kuruhusiwa mawakili wa kuwatetea. Adhabu za kifo zilitolewa, zikiwemo kwa watu waliokuwa Tanzania Bara ambao Mwalimu Nyerere alikataa kuwapeleka visiwani. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru bila orodha ya haki katika Katiba yake, na Tanzania haikuiingiza hadi marekebisho ya mwaka 1984. Kwa hiyo Kenya ilikuwa na haki kwenye karatasi, jirani hakuwa nazo hata kwenye karatasi, na bado mfungwa wa Kamiti na mfungwa wa Unguja wangeweza kuelewana bila mkalimani. Mwalimu anayelinganisha Sauti ya Dhiki na Haini asiache kulitaja jambo hili, kwa sababu linamzuia mwanafunzi kuamini kwamba kuandika haki ndiko kuwa nazo. Wala asielemee upande wa pili akasema kuandika hakuna maana. Nitaeleza kwa nini.

Ashua kama rehani

Kigogo ya Pauline Kea, tamthilia iliyotahiniwa hadi mwaka 2022 na ambayo bado inasomwa sana mashuleni, ina kisa ambacho tumekifundisha vibaya. Ashua, mkewe Sudi, anakwenda ofisini kwa Majoka. Husda, mkewe Majoka, anatokea, panazuka ugomvi, na Majoka anaamuru wanawake hao watiwe ndani. Kisha Sudi anaarifiwa kwamba mkewe anaweza kutoka iwapo atakubali kuchonga kinyago cha shujaa kwa sherehe ya Sagamoyo. Miongozo inalitia tukio hili chini ya 'unyanyasaji wa wanawake' au 'ndoa'. Wengine huandika 'usaliti', kwa kuwa Ashua akiwa seli anamlaumu mumewe kwa ukaidi wake.

Mpenzi msomaji, soma tukio hilo ukiwa na Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 mkononi. Kifungu hiki kinahusu mtu aliyekamatwa. Kinasema aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu za kukamatwa, haki yake ya kunyamaza na matokeo ya kutonyamaza. Anaweza kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika. Asilazimishwe kukiri. Afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na si baada ya saa 24 tangu kukamatwa. Saa hizo zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama au siku isiyo ya mahakama, basi kabla ya mwisho wa siku inayofuata ya mahakama. Aachiliwe kwa dhamana yenye masharti ya kadiri mpaka mashtaka au kesi, ila tu pawe na sababu nzito za kumnyima.

Ashua hapati hata moja. Lakini angalia hasa hilo la dhamana. Dhamana ni ahadi ambayo mshukiwa mwenyewe anaitoa kwa mahakama kwamba atarudi. Sagamoyo imeigeuza ikawa rehani: mwili wa mke umewekwa ili mkono wa mume ufanye kazi asiyoitaka. Ashua hana kesi. Kinachopimwa ni msimamo wa Sudi. Kwa msingi huo siwezi kumwita Ashua msaliti. Mtu aliyewekwa rehani halaumiwi kwa kutaka kukombolewa. Pauline Kea anajua anachokifanya anapoweka seli mkabala na ofisi, kwa kuwa huko Sagamoyo hakuna jengo la tatu. Mahakama haitajwi kwa sababu haipo. Kutokuwepo huko ni sehemu ya mandhari, na mtahiniwa ana haki ya kukutaja kama hoja.

Tuwalinganishe na Mwelusi wa Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, tamthilia ya 2001, anayeteswa gerezani Butangi na hatimaye kuuawa na Gege, ndugu yake wa damu, kwa tamaa aliyotiwa na utawala. Mtemi Bokono anakuwa mshtaki, hakimu na mlipaji. Na katika Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, Waketwa wanapofukuzwa Matango, swali la kuuliza ni lile lile: ni nani aliyeketi katikati ya mwenye nguvu na mnyonge? Kiti kikiwa kitupu, andika hivyo.

Mtihani na barabara

Huenda ukasema, mwalimu, sisi tunafundisha fasihi, haya ya vifungu ni ya walimu wa historia na uraia. Nakujibu kwa mfano wa shule. Mwaka 2025 tamthilia ya Kiingereza Echoes of War ya wasichana wa Butere iliondolewa katika mashindano ya drama ya shule. Watu wakaenda Mahakama Kuu ya Kisumu, nayo mnamo Aprili 3 ikaamuru wanafunzi waruhusiwe kuigiza. Aprili 9 mwandishi wake, aliyekuwa seneta Cleophas Malala, alikamatwa. Kesho yake huko Nakuru, penye gesi ya kutoa machozi na bila mwelekezi wao, wasichana waliimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani. Mapema zaidi, Kigogo ingekuwa ndiyo iliyozuiwa na sisi tungekuwa ndio walimu wa kuondoka na mabasi. Tofauti kati ya 1968 na 2025 si kwamba wenye mamlaka wamekuwa wapole. Ni kwamba mwaka 2025 palikuwa na mahali pa kwenda kuuliza, na jibu likatolewa kwa maandishi. Kwamba jibu hilo lilitekelezwa nusunusu ni jambo la kuhakikiwa pia.

Mifano ya kwetu Kwale haikosi. Kundi la MRC lilipigwa marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Si lazima mtu akubaliane na dai la kundi hilo kuona kilichobadilika tangu waraka wa Abdilatif: kifungu cha uchochezi kiliondolewa katika sheria za jinai mwaka 1997, pamoja na uwezo wa kuwazuia watu bila kesi, na Katiba ya 2010 imeukata ule mkia wa 'isipokuwa'. Kwa Kifungu cha 24, anayetaka kuibana haki ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba ubanaji huo una sababu inayokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia. Kifungu cha 25 kinataja haki ambazo hazibanwi kamwe: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kupata kesi ya usawa, na kuletwa mbele ya mahakama ili uhalali wa kuzuiliwa uchunguzwe. Hii ya mwisho ndiyo ambayo Hamza angeiomba kama angekuwa na wa kumwomba.

Wapo pia Wamakonde wa Kwale, walioishi huku vizazi kadhaa wakifanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa bila vitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa jamii ya Kenya na kupewa vitambulisho. Ukifundisha Kilio cha Haki huku Msambweni na kuacha kulitaja hili, unawaachia wanafunzi shamba la vitabuni peke yake.

Ama hapa Taru, shule iko kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na malori hayalali. Vijana wetu wa Kidato cha Tatu na cha Nne hutumwa gizani, hupanda malori, hubeba makaa. Wakikamatwa, ndugu zao husema 'kafungwa', neno lile lile la kwenye insha, na huanza kutafuta fedha bila kujua za nini. Mwanafunzi aliyelisoma tukio la Ashua barabara ataweza kumwuliza askari kwa adabu: kosa ni lipi, atapelekwa mahakama ipi, lini, na dhamana ni kiasi gani. Atajua kwamba mwenye umri chini ya miaka 18 huzuiliwa pale tu njia nyingine zimeshindikana, kwa muda mfupi uwezekanao, tena mbali na watu wazima, kama kinavyosema Kifungu cha 53. Atajua kwamba bibi yake anayesema Chiduruma tu ana haki ya mkalimani kortini bila malipo. Sijawahi kuona swali la KCSE likiuliza mambo hayo, na sitarajii kuliona.

Lakini maswali yanayoulizwa yanaweza kujibiwa kwa undani huo huo. Tuseme karatasi imeuliza, kwa alama 20, jadili ukiukaji wa haki katika Kigogo. Usiandike 'Ashua anafungwa.' Andika kwamba anakamatwa kwa amri ya mdomo ya kiongozi ambaye mwenyewe ni mhusika katika ugomvi huo. Kwamba haelezwi shtaka. Kwamba uhuru wake unapangiwa bei, na bei hiyo anatakiwa kuilipa mtu mwingine. Hizo ni hoja tatu kutoka tukio moja, kila moja na ithibati yake tamthiliani. Anayesahihisha hatakunyima alama kwa kuwa umesoma kwa makini.

Kisha mfikirie Kingi, mkuu wa polisi wa Sagamoyo, anayekataa amri ya Majoka ya kuwafyatulia wananchi risasi. Miongozo yote niliyoipitia inamwita jasiri. Kifungu cha 244 kinaitaka huduma ya polisi kuzingatia viwango vya haki za binadamu vilivyowekwa na Katiba, kwa hivyo katika nchi yenye Katiba hiyo Kingi angekuwa ametekeleza kazi yake ya kila siku. Ni Sagamoyo tu ndiko kazi ya kila siku inakohitaji ushujaa. Wape wanafunzi wako suala hilo walijadili Ijumaa alasiri: je, sifa ya mhusika hubadilika pale sheria inayomzunguka inapobadilika? Wangu walibishana mpaka kengele, na hawajaafikiana.